Chachu ndani ya tumbo la kinyonga: mbele ya kununua dawa, uliza amekula nini

Kinyonga aliyefungiwa ndani ya nyumba anaanza kukonda. Kinyesi chake kinakuwa majimaji na kinanuka kupita kawaida. Panzi anapita mbele yake, yeye hata hamwangalii. Kule Ulaya ao Marekani, ambako watu wengi wanafuga kinyonga sawa vile wengine wanafuga paka, mwenye mnyama anapeleka kinyesi kwa munganga wa wanyama. Jibu la labo linarudi na neno moja: chachu. Mara moja anauliza ni dawa gani anunue.

Swali lile linakuja mapema sana. Chachu ndani ya tumbo la kinyonga haiko jambo la ajabu. Cha kuuliza kwanza ni hiki: amekula nini, amekunywa maji namna gani, amelala kwa joto gani, na je, kuna mtu aliyempa antibiotiki? Mara nyingi ni mambo hayo manne yanayoamua kama chachu itabaki mpangaji mtulivu ao itageuka kuwa ugonjwa.

Pengine unajiuliza: sisi watu wa Kivu na Ituri, habari ya kinyonga wa kufugwa inatuhusu nini? Inatuhusu kwa njia tatu. Ya kwanza, milima yetu ni nyumba ya kinyonga wa namna nyingi, na wengine wanaopatikana katika eneo hili la Maziwa Makubwa wamekuwa wakikamatwa na kuuzwa ngambo. Ya pili, watoto wetu wanawakamata kwa shamba, wanawafunga kamba ao wanawatia ndani ya kartoni, kisha siku chache mnyama anakufa na hakuna anayejua sababu. Ya tatu, namna chachu inavyopata nguvu ndani ya tumbo la kinyonga inafanana sana na namna inavyopata nguvu ndani ya mwili wa mtu. Anayeelewa moja, anaelewa nyingine.

Chachu ni nini?

Chachu tunaijua sote. Mwokaji wa mikate anaiita levire. Ni yenyewe inafanya unga uvimbe. Ni yenyewe pia inafanya kasiksi: maji ya ndizi mbivu yakichanganywa na unga wa mtama na kufunikwa, chachu inakula sukari ya ndizi, inatoa pombe na ile hewa inayofanya povu. Hakuna mtu anayeiona kwa macho kwa sababu ni ndogo sana. Ukizipanga kwa mstari, chembe karibu 200 zinaweza kuenea ndani ya milimita moja.

Chachu ni ya ukoo wa kuvu, ukoo mmoja na uyoga na ule ukungu unaoota juu ya mkate uliokaa. Haiko bakteria. Tofauti hii ni ndogo kwa masikio, lakini ni kubwa kwa dawa: antibiotiki zimetengenezwa kwa kupiga bakteria, na chachu haziigusi. Tutarudilia jambo hili.

Chachu iko kila pahali: juu ya ganda la matunda, juu ya majani, kwa maua, ndani ya udongo. Inapenda vitu vitatu: sukari, unyevu na utulivu, maana yake pahali ambapo hakuna anayeisumbua.

Inaingia namna gani ndani ya tumbo la kinyonga?

Inaingia kwa mdomo, pamoja na chakula. Kinyonga anakula wadudu: panzi, nyenje, nzi, vipepeo, viwavi. Kila mdudu anakuja na tumbo lake, na ndani ya tumbo lile kuna kile alichokula. Nyenje aliyeshiba ndizi iliyooza anabeba chachu ya ndizi iliyooza. Kinyonga akimmeza, anameza vyote pamoja.

Mfano mzuri ni wale nzi wadogo wanaozunguka pipa la kasiksi ao ndizi zilizoiva sana. Kinachowavuta pale ni harufu ya tunda lililochachuka, na chachu yenyewe ni chakula chao. Wafugaji wa ngambo wanazalisha nzi hao ndani ya bokale kwa kulisha watoto wa kinyonga, na ndani ya bokale wanatia uji mtamu pamoja na levire. Basi kinyonga mdogo anayekula nzi hao kila siku, kinyesi chake kinaweza kuonyesha chachu na bado mnyama ni mzima kabisa. Chachu ile inapita tu, sawa msafiri anayevuka mji bila kulala.

Ndio maana wanganga wa wanyama wenye uzoefu hawashtuki wanapoona chembe chache za chachu. Wanauliza pia kinyesi ni cha lini. Kinyesi kilicholala ndani ya joto siku moja ao mbili kinaweza kudanganya, kwa sababu mikrobe zinaendelea kuzaana hata nje ya tumbo. Kinyesi cha kupima kinapaswa kuwa kipya.

Ni wakati gani chachu inakuwa ugonjwa?

Tumbo la mnyama ni sawa soko lenye watu wengi. Bakteria wa namna nyingi wamejaza nafasi, kila moja ana kipande chake. Chachu ikiingia, haikuti pahali pa kukaa na chakula chenyewe kimekwisha kugawanywa. Inabaki kidogo. Lakini kuna mambo yanayofungua nafasi, na hapo inazaana kupita kipimo. Tuyaangalie moja kwa moja.

Jambo la kwanza: antibiotiki. Mnyama ana kidonda, mtu anampa antibiotiki bila kipimo. Dawa inaua bakteria wabaya na wazuri pamoja. Soko linabaki tupu. Chachu, ambayo dawa haikuigusa, inapata nafasi na chakula. Siku chache kisha, kinyonga anaanza kuharisha, na mtu anafikiri dawa ilikuwa kidogo, anaongeza nyingine. Hapo anamwaga mafuta juu ya moto.

Jambo la pili: baridi kwa tumbo. Kinyonga hana joto lake mwenyewe sawa vile mtu ao kuku. Mwili wake unafuata joto la pahali alipo. Asubuhi anageuza ubavu wake kwa jua, rangi yake inakuwa nyeusi kusudi avute joto, kisha pale anaanza kutembea na kuwinda. Bila joto lile, tumbo lake halisagi chakula. Mdudu anabaki ndani, anaoza polepole, na mikrobe zinafanya sikukuu. Kinyonga anayewekwa ndani ya chumba chenye giza anaweza kulishwa vizuri na bado akaugua tumbo.

Lakini joto nalo lina kipimo. Kinyonga wa Yemen na kusini-magharibi ya Saudia, yule mwenye kofia ndefu ya mfupa juu ya kichwa, ambaye ni mmoja wa wanaofugwa zaidi duniani, anapenda kuwa na pahali pa kuota penye digri 30 hivi ao kupita kidogo. Kinyonga wa milima yetu ni kinyume: anataka jua la asubuhi, mchana wa wastani na usiku wa baridi. Ukimtia ndani ya sanduku la vioo lenye ampule ya moto mchana na usiku, anachoka, anakauka, na kinga ya mwili inashuka.

Jambo la tatu: kiu. Kinyonga wengi hawatambui maji ndani ya sahani. Wanakunywa matone: umande wa asubuhi na mvua inayobaki juu ya majani. Mtu anaweza kuweka sahani ya maji mbele ya kinyonga wiki nzima na mnyama akafa kiu pembeni yake. Tumbo lililokauka halisukumi chakula vizuri. Dalili iko wazi kwa kinyesi: ile sehemu nyeupe, ambayo ni mkojo wake mgumu, ikigeuka manjano ya kukolea ao rangi ya chungwa, mnyama amekosa maji. Macho yanayoingia ndani ni dalili nyingine.

Jambo la nne: hofu. Kinyonga ni mnyama wa kukaa peke yake. Kushikwashikwa kila saa, kuonana na kinyonga mwingine mchana kutwa, kelele, mbwa, watoto wanaomchokoza na kijiti, vyote vinamchosha. Mnyama anayeishi ndani ya hofu kinga yake inapungua. Kwa kinyonga aliyekamatwa porini, kuna kingine tena: mara nyingi amebeba minyoo na vijidudu vingine vya tumbo. Porini anaishi navyo bila shida kubwa. Ndani ya sanduku, akiwa amedhoofika, vinazaana. Chachu inakuja kuongezea juu ya mzigo uliokuwepo.

Jambo la tano: sukari. Hapa tunaingia kwa chakula chenyewe.

Mdudu ni chombo: angalia ulichopakia

Watu wanaofuga kinyonga vizuri wana kanuni moja: kinyonga anakula kile mdudu alichokula. Nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Nyenje aliyelishwa majani mazuri siku moja ao mbili mbele ya kutolewa ni chakula kamili. Nyenje aliyelishwa maembe yaliyooza na ndizi peke yake anabeba sukari na chachu pamoja, maana yake mbegu na mbolea ndani ya gunia moja.

Kwa hiyo wafugaji wanawalisha wadudu majani mabichi na mboga: majani ya viazi vitamu, karoti, maboga, kipande cha kiazi kitamu. Tunda tamu wanalitoa kidogo tu, zaidi kwa kuwapa wadudu maji. Na pahali wadudu wanapokaa wanapasafisha, wanatoa mabaki mbele hayajaota ukungu. Chombo cha wadudu kinachonuka pombe ni onyo.

Kuna shida ingine inayofichama nyuma ya chachu: kalsiumu. Wadudu wengi wana fosfori mara nyingi kupita kalsiumu, wakati mwili wa kinyonga unataka kinyume chake. Ndiyo sababu wafugaji wanawapaka wadudu unga wa kalsiumu mbele ya kuwatoa. Na kalsiumu ile haiingii kwa mifupa bila vitamini D, ambayo kinyonga anaitengeneza kwa ngozi yake akipata jua lenyewe. Jua linalopita kwa kioo cha dirisha halifanyi kazi ile, kwa sababu kioo kinazuia mionzi inayohitajika. Ngambo, ambako jua ni kidogo wakati wa baridi, watu wananunua ampule maalumu.

Kinyonga anayekosa kalsiumu ao jua, mifupa yake inalegea. Miguu inapinda, taya linakuwa laini, ulimi haurukishwi tena vizuri. Ulimi ule, ambao kwa kawaida unaweza kutoka mbali kupita urefu wa mwili wake, unahitaji misuli inayofanya kazi, na misuli inahitaji kalsiumu. Hata misuli ya tumbo inalegea. Chakula kinakawia njiani. Mnajua sasa nani anafurahia chakula kinachokawia. Labo itaandika chachu, wakati mzizi wa ugonjwa uko ndani ya mifupa na ndani ya sanduku lisilo na jua.

Na vitu ambavyo havifai kabisa? Hapa kwetu mtoto akiona kinyonga amelegea, anamfungua mdomo kwa nguvu na kumtia fufu, mkate, maziwa ao maji ya sukari. Anafanya kwa huruma, lakini anaua. Kinyonga hanyonyi, tumbo lake halijui maziwa. Fufu na mkate ni wanga mtupu, na sukari ni chakula cha chachu moja kwa moja. Zaidi ya ile, kumlazimisha mdomo kunaweza kuvunja taya ao kupeleka maji ndani ya mapafu.

Jambo lingine la kuangalia ni wadudu wa shamba lililopulizwa dawa. Panzi aliyekula jani lenye dawa ya kuua wadudu anabeba sumu ile mpaka ndani ya tumbo la kinyonga. Mnyama akifa kwa namna hii, watu wanasema alikuwa na ugonjwa. Hakuwa nao.

Munganga anatambua vipi?

Anaanza na maswali, yale manne ya juu. Kisha anapima uzito, kwa sababu kinyonga anaweza kukonda polepole bila mtu kuona. Anaangalia kinyesi kwa mikroskopi. Chachu inaonekana sawa mayai madogo ya duara ao marefu kidogo, mengine yakiwa na kichipukizi pembeni: ni chembe mama inayozaa. Chembe chache si kitu. Zikijaa kila pahali unapoangalia, zinachipuka, na mnyama ana dalili, hapo jambo linakuwa la kweli. Pia anatafuta minyoo na vijidudu vingine, juu chachu nyingi inaweza kuwa mwenzi wa ugonjwa mwingine.

Dawa inayotumiwa mara nyingi kwa chachu ya tumbo inaitwa nistatini. Historia yake inafaa kusimuliwa: ilipatikana mwaka 1950 na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, ambao walikuwa wakifanya kazi katika jimbo la New York. Jina la dawa limetoka kwa jina la jimbo lile. Nistatini haiingii kwa damu kutoka tumboni, isipokuwa kidogo sana. Inabaki ndani ya tumbo na kupiga chachu palepale. Ni dawa hiyohiyo inayotolewa kwa mtoto mchanga mwenye madoa meupe mdomoni.

Lakini kipimo cha mnyama wa gramu mia moja hakikadiriwi kwa macho. Ni munganga anayekipanga. Na dawa peke yake haitoshi. Ukiua chachu ukamrudisha mnyama ndani ya sanduku lilelile la baridi, bila maji juu ya majani, na wadudu walelale wa ndizi mbovu, baada ya wiki chache chachu imerudi. Wanaofaulu ni wale wanaorekebisha nyumba na chakula kwanza, kisha dawa inasaidia. Kwa wanyama wengine, joto likirudi sawa, maji yakipatikana na wadudu wakilishwa vizuri, chachu inapungua yenyewe.

Somo kwa watu pia

Turudilie antibiotiki, kama tulivyoahidi. Kwa kartie nyingi za miji yetu, kapsuli za antibiotiki zinauzwa sawa bonboni. Mtu ana mafua, anameza mbili. Tumbo linauma, anameza mbili tena. Wengine wanafungua kapsuli na kumwaga unga juu ya kidonda. Mafua yanaletwa na virusi, na antibiotiki haiziwezi virusi, sawa vile haiiwezi chachu.

Kinachotokea kwa kinyonga kinaweza kutokea kwa mtu: bakteria wema wanakufa, chachu inabaki peke yake. Kwa wanawake inaweza kuleta kuwashwa na uchafu mweupe kwa sehemu za siri. Kwa watoto na kwa watu ambao kinga ya mwili imeshuka, inaweza kuleta madoa meupe mdomoni ambayo yanazuia kula. Mtu akiona dalili hizo kisha kumeza antibiotiki, asiongeze antibiotiki ingine. Aende kwa kituo cha afya na aseme wazi dawa gani amemeza na kwa siku ngapi. Na aliyeandikiwa antibiotiki na munganga, ameze kwa kipimo na kwa siku zote alizoambiwa.

Na kinyonga wa milima yetu?

Katika milima inayozunguka Maziwa Makubwa, upande wa Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi, anaishi kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu kwa uso. Wataalamu wanamwita kinyonga wa Johnston. Jike halina pembe hizo. Kuna wengine wadogo zaidi, sawa kinyonga wa Elliot, ambaye hatagi mayai bali anazaa watoto wazima. Wote wanakula wadudu wa shamba na wa msitu, wanakunywa umande, na wanajua wenyewe saa ya kuota jua na saa ya kujificha.

Watu wengi wanawaogopa. Kwa makabila mengi ya Afrika, hadithi za wazee zinamtaja kinyonga kama mjumbe aliyechelewa njiani na ujumbe wa uzima, na kifo kikamtangulia kwa watu. Wengine wanasema ana sumu. Heshima kwa hadithi za wazee ni kitu kizuri, lakini kwa upande wa mwili wake, kinyonga hana sumu. Akishikwa anafungua mdomo, anapuliza, pengine anang'ata, ni basi. Cha kuangalia ni mikono: sawa wanyama wengine wa magamba, anaweza kubeba mikrobe ya salmonela inayoharisha watu, zaidi watoto wadogo. Aliyemgusa anawe kwa sabuni mbele ya kula.

Kuhusu biashara, sheria iko. Kinyonga karibu wote wa dunia wamewekwa katika Nyongeza ya II ya mkataba wa CITES, uliosainiwa Washington mwaka 1973, na nchi yetu iliingia mwaka 1976. Maana yake, hakuna anayeweza kuwapeleka nje ya nchi bila kibali. Ndani ya nchi, kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu ulinzi wa viumbe vya asili, na ndani ya mbuga za taifa sawa Virunga na Kahuzi-Biega kukamata mnyama kunakatazwa. Mwanakijiji anayeombwa na mtu asiyemjua akusanye kinyonga kwa franga kidogo, aulize kibali kiko wapi.

Lakini hata pasipo sheria, maelezo ya chachu yanatosha kutuonyesha kitu kimoja. Afya ya mnyama huyu imefungamana na pahali anapoishi: umande, jua la asubuhi, baridi ya usiku, wadudu wa namna nyingi waliokula majani ya namna nyingi. Kule ngambo, mtu mwenye feza anahangaika na ampule, pampu ya maji, unga wa kalsiumu na munganga, kusudi atengeneze ndani ya sanduku kile ambacho kilima cha kijiji kinatoa bure. Wengine wanafaulu, na wengi leo wananunua wale waliozaliwa mikononi mwa watu. Aliyekamatwa porini na kusafirishwa ndani ya mfuko anaanza safari akiwa na deni: kiu, hofu na minyoo.

Ukimkuta mtoto amemkamata

Usimpige mtoto na usimtupie kinyonga mawe. Mwambie amrudishe siku ileile, pale alipomtoa, juu ya mti ao kichaka, mbali na kuku na paka. Kama ni lazima akae usiku mmoja, awekwe juu ya tawi lenye majani, ndani ya kitu kinachopitisha hewa, na majani yanyunyiziwe maji safi. Chupa ya plastiki yenye tundu ndogo, inayodondosha tone kwa tone juu ya jani, inafanya kazi vizuri kupita sahani. Asilishwe kwa nguvu.

Kwa yule anayefuga kwa njia halali, hapa ao ngambo: mdudu asiwe mkubwa kupita upana wa kichwa cha kinyonga, mdogo ale kila siku, mkubwa anaweza kupumzika siku moja katikati, wadudu walishwe majani mbele ya kutolewa, jua lenyewe lipatikane, na kinyesi kiangaliwe, rangi na harufu. Kikibadilika siku moja, angalia. Kikibadilika siku nyingi na mnyama hakuli, tafuta munganga, umpelekee kinyesi kipya, na umwambie ukweli wote kuhusu chakula na dawa ulizokwisha kutoa. Ukweli ule ndio utamwezesha kujua kama chachu aliyoiona inapita tu, ao imekwisha kufanya nyumba.